Mwanga unaochungulia ubongo wa mgonjwa mahututi: maswali na majibu

Daktari anawezaje kujua kama damu inafika kwenye ubongo bila kupasua kichwa?
Kihisi kidogo hubandikwa kwenye paji la uso. Hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, unaopenya ngozi na fuvu hadi tabaka la nje la ubongo, kisha sehemu yake hurudi. Damu yenye oksijeni hufyonza mwanga huo tofauti na damu iliyoishiwa, na mashine hupiga hesabu kwa tofauti hiyo. Mwanasayansi Frans Jöbsis alieleza mbinu hii mwaka 1977. Aina nyingine hutumia leza: chembe nyekundu za damu zikipita huutikisa mwanga, na damu ikienda mbio mtikisiko nao huongezeka kasi.

Si presha inapimwa mkononi?
Haitoshi. Presha ya mkononi yaweza kuwa nzuri huku ubongo unakosa damu. Fikiria kijana aliyeanguka na bodaboda bila helmeti, akafikishwa hospitali ya Mulago, Kampala, amezimia. Ubongo ukivimba hauna pa kutanukia, maana fuvu ni gumu, hivyo hubana mishipa yake wenyewe. Naye hawezi kusema kichwa kinauma. CT skani huonyesha damu iliyovia, ila ni picha ya dakika ile tu. Kihisi hukaa hapo kitandani usiku kucha.

Ngozi nyeusi haizuii mwanga?
Swali hili lingepaswa kuulizwa kila kifaa kipya kinapoletwa. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hufyonza mwanga, hivyo mashine inaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Daktari asishikilie namba moja. Aangalie inavyopanda na kushuka kwa mgonjwa yuleyule. Kwa maoni yangu, kifaa kisichopimwa kwa watu wenye ngozi kama yetu hakijawa tayari kwa wodi zetu.

Kinaumiza?
Hapana, wala si eksirei.

Hospitali yetu haina. Tufanyeje?
Hospitali nyingi za Uganda hazina. Wauguzi humwita mgonjwa, humminya kidogo waone kama anaitikia, na humulika macho kwa tochi. Hali yake huandikwa kwa alama za Glasgow za kupima fahamu, kuanzia 3 (haitikii kabisa) hadi 15 (yuko macho na anajitambua). Wewe ndugu unayemlinda ni jicho la ziada. Ukiona mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, kutapika tena na tena, au aliyekuwa akiitikia sasa haamshiki, mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.