Lenzi Inayovuta Mbali Haimsogezi Ndege

"Fundi, hii inavuta mpaka wapi?" Anayeuliza hajasema anapiga picha ya nini, saa ngapi, wala akiwa umbali gani. Ameshaamua kwamba milimita za lenzi, yaani namba ya uvutaji wake, zikiongezeka na ukali wa picha unaongezeka. Waongoza watalii wananiuliza hivyo, wapiga picha za harusi wananiuliza hivyo, na walimu waliostaafu wakaanza kupenda ndege nao vilevile. Ninaazimisha na kutengeneza lenzi hapa Arusha, na imani hii inanijazia meza kwa lenzi zisizo na ubovu wowote. Mtu analeta lenzi yake ya milimita 600 akilalamika kwamba "haishiki", yaani picha haitoki kali, naifunga kwenye stendi, napiga picha gazeti nililobandika ukutani, herufi zote zinasomeka.

Haya, tupige hesabu. Kwenye kamera ya fuli fremu, yaani yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 600 inaona upana wa mita 6 kwa kitu kilicho mita 100 mbele. Chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, ana urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo anachukua asilimia 2 tu ya upana wa picha. Kama kamera ina megapikseli 24, yaani pikseli (vinukta vya picha) 6,000 kwa upana, ndege wako mzima kuanzia mdomo hadi mkia ni pikseli 120. Sasa chukua lenzi ya 300, msogelee hadi mita 8. Chozi huyohuyo anapata pikseli 750. Lenzi fupi nusu kwa nusu, bei haikaribiani kabisa, na ndege ametoka mkubwa mara sita.

Hapo nimehesabu kana kwamba hewa imetulia, na ya kwetu mchana haitulii. Jua likiipiga ardhi, hewa iliyo chini inapata moto na kupanda, iliyo baridi inashuka, na mwanga unaopita katikati yake unapindapinda njia nzima. Ndiyo hiyo unayoiona saa saba mchana kwenye lami ya barabara ya Moshi, inapometa maji ambayo hayapo. Lenzi ndefu inakuza na hayo mawimbi pamoja na ndege. Ukifika maziwa ya Momella saa sita ukawalenga heroe walio ng'ambo ya maji, hakuna lenzi duniani itakayokupa jicho lililokaa sawa. Ya bei ya gari la Noah na ya bei ya simu zitakupa uji uleule, tofauti ni kwamba wa kwanza umeulipia zaidi.

Halafu kuna gari lenyewe. Paa la Land Cruiser limeinuliwa, bati limeshinda juani, injini bado inanguruma, na mtu ameelekeza lenzi juu ya boneti! Joto linapanda mbele ya kioo chake halafu analaumu kiwanda. Zima injini. Piga kwa dirisha la upande lenye kivuli, na badala ya kuhangaika na stendi ndani ya gari, shona mfuko wa turubai, jaza kilo mbili za maharage, uweke kwenye kioo kilichoshushwa nusu na ulaze lenzi juu yake. Hili la maharage nalisema kila siku na kila siku mtu ananiuliza bei ya stendi.

Dawa ya umbali ni kuamka mapema na kukaa kimya. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu hivi hewa ni safi na mwanga unatoka ubavuni. Pale Ziwa Duluti, Tengeru, njia inazunguka ziwa chini ya miti. Mdiria akiruka usimfuate, maana ana tabia ya kurudi tawi lilelile, kaa, atarudi. Na kama una mshubiri uani, subiri uchanue, weka kiti mita nne au tano kutoka hapo, na uende na chai yako. Chozi watakuja wenyewe. Picha za namna hii ndizo watu wanazoniletea wakijisifia lenzi.

"Basi nifunge telekonvata," kile kipande cha kufunga kati ya kamera na lenzi ili ivute zaidi. Ya mara mbili inakula stopu mbili za mwanga, yaani inabaki robo tu: f/6.3 yako (namba ya tundu la lenzi, ikiwa kubwa mwanga unaoingia ni mdogo) inakuwa karibu f/13, kamera nyingi hapo zinaanza kutafutatafuta fokasi, na mawimbi ya joto umeyakuza mara mbili. Kwenye msitu wa Ngurdoto, hondohondo akiwa juu kwenye giza la majani, ninachukua 300 ya f/4 na kuiacha 600 ya f/6.3 kwenye begi, maana f/4 inapitisha mwanga mara mbili na nusu ya ile nyingine.

Na eti kamera yenye sensa ndogo kuliko fuli fremu inageuza lenzi ya 300 kuwa 450? Haigeuzi. Inakata kingo za picha, basi. Faida ipo pale tu pikseli zinapokuwa zimesongamana zaidi. Na stebilaiza, ile mitambo ya kuzuia mtikisiko, inatuliza mkono wako. Habari za bawa la ndege haizijui, wala za mtoto wa miaka mitatu. Bawa linataka picha ipigwe kwa 1/2000 ya sekunde, mtoto anayekimbia 1/500.

Tukija kwa familia, dhana inageuka chini juu: eti lenzi pana, yenye milimita chache, ndiyo ya familia, "ili waingie wote". Desemba watu wakipanda Marangu na Machame kula sikukuu, ninaletewa picha za bibi mwenye pua isiyo yake na shangazi wa pembeni aliyevutwa kama mpira. Mpigaji alisimama mita moja na nusu na lenzi yake ya milimita 18. Umbo la uso linaamuliwa na umbali uliosimama. Rudi nyuma hadi kwenye migomba, tumia 50, au 35 kwenye sensa ndogo. Na usifungue tundu la lenzi hadi f/1.8 kwa sababu tu lenzi inaruhusu: ukiwa na 50 kwenye fuli fremu, mita 5 kutoka kwa watu, kina cha ukali, yaani eneo linalotoka kali kuanzia mbele hadi nyuma, ni kama mita moja tu, na safu tatu za ukoo haziishi ndani yake. Kwa f/8 unapata kuanzia mita tatu na nusu hadi tisa. Ile lenzi ya 100-400 ya ndege nayo usiifungie kabatini. Ukiwa mbali nayo watoto wanacheza bila kukukumbuka, na nyuma yao panalainika vizuri.

Kabla hujaniletea lenzi ndefu ukidai imeharibika, fungua kwanza ile filta ya bei rahisi uliyouziwa "ya kulinda kioo", upige tena asubuhi. Ikitoka kali, filta usije kuniuzia mimi.