Je, wajua kwa nini kuba la ndege ndogo halina alama ya kalibu, yaani kifaa cha kutolea umbo?

Ukisimama karibu na ndege ndogo ya viti viwili, lile kuba angavu lililo juu ya kichwa cha rubani utadhani ni kioo. Ni akriliki, plastiki ile ile inayotengenezewa mabango ya maduka, na lilianza safari yake likiwa bamba bapa kabisa. Lilipindwaje hivyo bila kubaki hata mkwaruzo?

Mara nyingi siri ni kwamba hakuna kitu kilicholigusa pale katikati. Akriliki huanza kulegea joto linapopita nyuzi 105 za Selsiasi. Katika tanuri la nyuzi 150 hadi 180 hulegea kama mpira, na hapo hunakili chochote inachokutana nacho: punje ya vumbi, uzi wa glavu, kijibonde kwenye mbao ya kalibu. Kwenye beseni la plastiki kasoro hiyo haina neno. Lakini rubani anayetazama njia ya kutua kupitia kijibonde ataiona imejikunja.

Basi fundi hubana kingo tu. Bamba la moto huwekwa juu ya meza, likakandamizwa na fremu yenye tundu la umbo la kuba linalotakiwa, kisha hewa ikapulizwa kutoka chini. Katikati hufura kama chapati kikaangoni. Likifika kimo chake, hewa hushikiliwa hapo hapo hadi plastiki igande. Vita Kuu ya Pili vilipopamba moto, ndege za Spitfire za Uingereza zilifungwa makuba yaliyotuna hivyo ili rubani aweze kugeuza shingo na kuona nani yuko nyuma yake.

Hewa, hata hivyo, ina ukaidi wake: hupenda mviringo, na kileleni huacha plastiki nyembamba kuliko pembeni. Anayetaka umbo refu lenye mbavu bapa hana budi kurudi kwenye kalibu, ila huivika kitambaa laini cha flaneli na kuipasha moto kwanza, kwa sababu kalibu baridi hulishtua bamba.

Kazi haijaisha likishapoa. Kuba hurudishwa kwenye joto la nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa, kisha hupozwa polepole ili mkazo uliojificha ndani utoke. Ukiruka hatua hii, tone la petroli tu linaweza kuzua nyufa nyembamba kama nywele.

Hata matundu ya skrubu hutobolewa makubwa kuliko skrubu zenyewe. Akriliki hutanuka karibu mara 3 zaidi ya alumini: kuba la mita 1.5 likitoka kwenye baridi ya angani likaanikwa juani, tofauti ikiwa nyuzi 40, hurefuka kama milimita 4. Lisipopata nafasi ya kusogea, ufa huanzia pale pale kwenye tundu.