Mzabibu wa Dodoma hauna majira ya kulala

Watu wanaotaka kupanda mizabibu michache nyuma ya nyumba huniuliza kwanza aina gani ni bora. Nikiwajibu kwamba waanze na tarehe ya kupogoa, wengi hudhani nawakwepa. Siwakwepi. Nina robo eka hapa Dodoma, mizabibu 160 na kidogo, mita 3 kati ya mstari na mstari na mita 2 kati ya mche na mche, na karibu kila hasara niliyowahi kuipata ilianzia siku niliyoshika mkasi.

Mzabibu ni mti uliozoea nchi zenye baridi kali. Kule Ufaransa au Italia majani hupukutika, mti hulala miezi kadhaa, kisha joto likirudi macho, yaani vifundo vya kuchipulia kwenye matawi, huamka kwa pamoja. Sisi tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe cha Julai kinatuvalisha masweta asubuhi, lakini hakina nguvu ya kuulaza mzabibu. Ukiuacha utatambaa mwaka mzima: ncha zinachipua, macho ya chini yanabaki yamefumba, kichala kimoja kinaiva huku kingine ndiyo kwanza kinatoa maua. Kwa hiyo hapa mkasi ndio unaofanya kazi ya baridi. Siku unayopogoa ndiyo siku ya kwanza ya msimu, na kutoka hapo hadi kuvuna ni kama miezi minne.

Ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 3 hivi na tena kuanzia wa 8 hadi wa 9. Jambo la kujivunia, ndiyo, lakini mavuno hayo mawili hayalingani hata kidogo. Ya masika yanakua ndani ya mvua, na mvua yetu, ingawa ni chache, karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ya kiangazi yanaivia kwenye hewa kavu, jua la mchana na ubaridi wa usiku. Sukari inapanda, ganda linakuwa safi, na wanunuzi wa mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, wanajua tofauti hiyo.

Mwaka wangu wa tatu nilipogoa katikati ya Novemba, kwa sababu tu ndiyo wiki niliyokuwa na likizo. Maua yakafunguka mvua ikiwa imeshika, siku nne mfululizo. Mengi yakadondoka. Yaliyoshika yakavamiwa na ubwiriunga, ule unga wa kijivu unaofunika punje changa mpaka ganda linakakamaa na kupasuka. Nikapiga dawa ya salfa saa sita mchana, jua likiwa kali, nikaunguza majani pia. Salfa ni ya asubuhi mapema au jioni, na ni ya kuzuia kabla unga haujaenea. Tangu hapo msimu wa masika sitafuti zabibu nyingi. Naacha vichala vichache kwa kila mzabibu, vingine navikata vikiwa vidogo, na nguvu yangu yote naielekeza kwenye matawi.

Kwa nini matawi? Hapa ndipo wanaoanza wengi hawajafika. Kichala utakachokiona baada ya kupogoa hakitengenezwi siku hiyo. Kilishaanza kuumbwa ndani ya jicho msimu uliotangulia, wakati tawi lile lilipokuwa bado bichi. Jicho lililokulia kwenye mwanga linabeba vichala. Lililokulia kwenye giza la majani mara nyingi linatoa chipukizi tupu, majani bila tunda. Kwa hiyo ninapoondoa vichipukizi vilivyosongamana mwezi wa 1, napunguza ugonjwa, lakini pia naandaa zabibu za Agosti. Mtu akilalamika kwamba mizabibu yake imechipua vizuri bila kuzaa, namuuliza kivuli kilikuwaje msimu uliopita. Swali la mbolea huja baadaye.

Namna yenyewe ya kupogoa si ngumu. Kila mzabibu wangu una shina moja na mikono miwili iliyolala juu ya waya. Kwenye kila mkono naacha visiki vifupi, umbali wa kiganja kati ya kimoja na kingine, kila kimoja na macho mawili. Mengine yote yanaondoka. Babu jirani yangu, Mgogo mwenye shamba la mtama, aliposimama uzioni mara ya kwanza na kuona rundo lile alisahau hata salamu. "Mjukuu wangu, unauchinja mti." Kesho yake akaniita nione matone yakidondoka kwenye kila kidonda. Nikamwambia, "Babu, mzabibu unalia kwa sababu uko hai, mizizi inasukuma maji juu." Hakuniamini mpaka macho yalipofumuka, wiki mbili baadaye. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha kunoa mkasi.

Kabla ya kupogoa kwa kiangazi napunguza maji kwa wiki mbili au tatu ili mti utulie na kuweka akiba kwenye shina na mizizi. Nikishakata, ndipo naweka samadi iliyooza vizuri na kufungulia mabomba ya matone. Sitandazi nyasi kavu shinani, maana mchwa wa huku wakizizoea wanahamia kwenye nguzo, na nguzo ikianguka na mzabibu uliobeba, waya wote unaufuata. Nguzo zangu za pembeni ni za zege.

Kuhusu aina, basi, kwa waliosubiri: Makutupora nyekundu imezoea hapa na inavumilia makosa mengi, Chenin nyeupe ni nzuri lakini haitaki uzembe wakati wa mvua. Ukipata vipando kwenye kituo cha utafiti cha Makutupora utajua ulichopanda.

Na usivune kwa rangi. Zabibu ikishakatwa haiongezi utamu hata siku moja, si kama embe. Ganda linaweza kuwa jeusi wiki tatu kabla ya sukari kufika. Mimi natumia kipimo kidogo cha sukari, tone moja kwenye kioo, nangoja ifike asilimia 20 au zaidi, nikichuma punje kutoka vichala vya juani na vya kivulini pamoja. Asiye na kipimo atafune mbegu: ikiwa bado ya kijani na inakwaruza ulimi, afunge nyavu za ndege aendelee kusubiri.