Je, wajua kwa nini mlango wa msikiti unaning'inia hewani huko Luxor?

Ukiingia hekalu la Luxor, kusini mwa Misri, na kufika ua wa kwanza, ule wa Ramses wa Pili, inua macho kushoto. Juu ya nguzo za mafarao umekaa msikiti wa sheikh Abu Haggag, na ukutani mwake kuna mlango usio na ngazi wala kibaraza. Atakayetoka hapo ataanguka mita kadhaa hadi kwenye sakafu ya mawe. Fundi alikosea vipimo?

Hata kidogo. Alipoujenga, ardhi ilikuwa hapo hapo kizingitini.

Hekalu lenyewe lilianzishwa na Amenhotep wa Tatu katika karne ya 14 kabla ya Kristo. Ibada za kale zilipokufa, watu hawakuondoka. Warumi waliligeuza kambi ya jeshi, Wakristo wakajenga kanisa humo, kisha kijiji kizima kikahamia ndani. Nyumba zilikuwa za matofali mabichi, na aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikiporomoka anajua kinachofuata: hakuna anayehangaika kubeba kifusi. Kinasawazishwa, na nyumba mpya inasimama juu yake. Ongeza majivu, takataka na samadi ya mifugo, halafu tope la mafuriko ya Nile. Karne baada ya karne ardhi ikapanda hadi nguzo zikazama karibu na vichwa vyake. Msikiti ulipojengwa katika karne ya 13, nguzo hizo zilikuwa visiki vinavyochomoza tu kutoka ardhini.

Katika miaka ya 1880 Mfaransa Gaston Maspero, aliyeongoza idara ya mambo ya kale ya Misri, alianza kulifukua hekalu. Wenye nyumba walilipwa fidia, nyumba zikabomolewa, kifusi kikatolewa. Msikiti wa sheikh haukubomolewa. Ardhi ikashuka, mlango ukabaki juu. Leo waumini huingia kwa upande wa mjini, ambako barabara bado iko juu kuliko sakafu ya hekalu.

Mji wote uko hivyo. Hata jina lake: Luxor ni al-Uqsur ya Kiarabu, wingi wa neno lile lile lililotupa sisi "kasri". Njia ya masfinksi (sanamu za simba wenye kichwa cha mtu au kondoo), ya kilomita 2.7 hivi kutoka hapa hadi hekalu la Karnak, ilikuwa imefunikwa na nyumba na barabara, ikafunguliwa upya Novemba 2021 baada ya majengo mengi kuvunjwa. Hapo sijui nimhurumie nani zaidi, jiwe au aliyehamishwa. Na mbele ya lango la hekalu kuna mnara mmoja wa jiwe wenye ncha. Pacha wake yuko Paris tangu miaka ya 1830.

Ukiweza, nenda mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, wakati wa maulidi ya Abu Haggag. Utaona mashua ikipitishwa mitaani, nchi kavu, watu wakiifuata kwa ngoma. Kisha rudi hekaluni ukatazame michoro ya ukutani ya Opet, sikukuu ya enzi za mafarao: makuhani wamebeba mashua ya mungu Amun mabegani.