Kasa halii kwa uchungu akitaga

Kila msimu ujumbe ule hurudi kwenye makundi ya simu: kasa uziwa wa ufukwe wa Madete, ndani ya Hifadhi ya Saadani, hulia kwa uchungu akitaga, basi msogelee umpapase atulie.

Machozi ni kweli, uchungu ndio wa kubuni. Kasa hunywa maji ya bahari na kula mwani, na figo zake haziwezi kutoa chumvi yote hiyo. Kwa hiyo ana tezi nyuma ya kila jicho inayoitoa kama machozi, nayo hufanya kazi hata akiwa baharini, ila huko maji huyaosha tusiyaone. Nchi kavu yanachuruzika mazito, yamegandana na mchanga. Nani asingedhani analia?

Waulize wavuvi wa Pangani waliowahi kumnasua kasa wavuni. Hata dume, ambalo halitagi, hutoka machozi likiwa chomboni.

Kumpapasa na kummulika tochi ndiko kunakomsumbua; akishtuka kabla hajataga anaweza kurudi baharini. Kaa mbali, nyuma yake, gizani. Ujumbe ukikufikia, usiusambaze.