Udaktari uombe vyuo vingapi? Tunayoambiana kila Julai, na ukweli wake

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, benchi la nje ya steshenari yangu hapa Nyegezi, Mwanza, halikauki watu. Wanakuja na bahasha za kaki kwapani, wengine na mzazi, wengine na mjomba aliyekwishaamua kila kitu njiani. Aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, nitamjua kwa swali lake kuhusu MD, shahada ya udaktari: “Mwalimu, MD niombe vyuo vingapi?” Nilifundisha biolojia kabla ya kufungua duka, nikaacha chaki, jina likabaki. Swali lenyewe ni zuri. Kazi ninayo kwenye majibu wanayokuja nayo tayari.

“Nyavu nyingi, dagaa wengi”

Hili aliniambia baba mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, kule Kirumba. Binti yake alikuwa na D tatu: fizikia, kemia, biolojia. Mzee alitaka tuombe MD kila chuo chenye MD nchi hii, kuanzia Muhimbili hadi Zanzibar, akaweka noti mezani kabisa. Nikamuuliza, “Mzee wangu, mbalamwezi ikiwa kubwa, vijana wenu wanaingia ziwani?” Akacheka. Anajua kuliko mimi kwamba mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa, na hapo wavu mmoja na nyavu kumi ni mamoja.

D tatu zinakufikisha kwenye kiwango cha chini ambacho mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, umekuwa ukikitaja kwa MD. Lakini kiwango cha chini kinakuruhusu kupanga foleni tu, kiti hakikuhakikishii. Chuo kina idadi ya nafasi kilizoruhusiwa, kinawapanga waombaji kwa ufaulu, kinaanza juu kushuka, na nafasi zikiisha kinakata. Mwenye D tatu yuko mkiani.

Halafu liko jambo ambalo watu hawalifikirii: foleni ya Muhimbili, ya Bugando, ya KCMC Moshi na ya Dodoma ina watu walewale. Aliyekutangulia kwa pointi Dar es Salaam amekutangulia na Dodoma, kwa sababu naye ameomba kote. Kuongeza chuo cha nane chenye ushindani uleule si kama kununua tiketi ya nane ya bahati nasibu. Ni kusimama nyuma ya mgongo uleule mara nane, na kila mara umelipia.

Sisemi kwamba idadi haina maana yoyote. Wale wa juu wakishachaguliwa vyuo viwili vitatu, wanabaki na kimoja, nafasi walizoziacha zinarudi na kujazwa raundi inayofuata. Hapo mwenye ufaulu wa kati anaweza kupenya. Ndiyo maana mwenye pointi nane au tisa za udahili, nitazieleza hapa chini, namwambia vyuo vinne au vitano, kwa sharti moja: visifanane. Viwili vile vikubwa vinavyokimbiliwa na kila mtu, viwili visivyotajwa sana mitaani, kama Mtakatifu Fransisko Ifakara au kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kimoja cha binafsi ambacho nyumbani wamekaa wakapiga hesabu ya ada yake. Mwenye A na B, vitatu vinamtosha, pesa inayobaki anunulie godoro la hosteli.

“Mwanangu ana pointi 12, wanataka 6”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana mzazi anaisema kwa furaha. Kuna pointi za namna mbili na zinakwenda kinyume. Za NECTA, baraza la mitihani, zinazopanga divisheni, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Zikiwa chache ndiyo raha. Za udahili wa vyuo, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Zikiwa nyingi ndiyo raha. Yule binti wa Mwaloni mwenye D tatu ana pointi 12 kwenye matokeo, divisheni ya pili, na watu walishamchinjia kuku. Kwenye mfumo wa chuo pointi hizohizo zinasomeka 6, yaani ukingoni kabisa. Nachukua kalamu, nageuza karatasi, tunahesabu pamoja. Sijawahi kuona hesabu nyepesi ikinyamazisha watu kiasi hicho.

“Bugando ni yetu, kimoja kinatosha”

Ukisimama mjini unaiona hospitali ya Bugando pale juu ya mlima, imekuwepo tangu 1971, nusu ya Kanda ya Ziwa wamezaliwa au wametibiwa pale. Basi mtu anaona kama chuo chake nacho ni cha wakazi. Lakini Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS, kinapokea maombi kutoka Mtwara na Kigoma sawasawa na ya Mkolani. Hakuna pointi za nyongeza kwa kuzaliwa Sengerema. Na kwa kuwa mwingine huuliza kwa sauti ya chini: hapana, si lazima uwe Mkatoliki.

Kuomba Bugando kwa sababu ya kulala nyumbani ni sababu nzuri sana, chumba na chakula vinakula pesa. Kuomba Bugando peke yake ni jambo jingine.

“Kaka yake aliomba mara moja tu, TCU wakamalizia”

Kweli, kaka yake. Kati ya 2010 na 2017 kulikuwa na mfumo wa pamoja wa TCU, unajaza fomu moja, unapanga vyuo. Tangu 2017 unaomba chuo kwa chuo. Kila chuo kina mfumo wake, akaunti yake, neno lake la siri na ada yake ya maombi. TCU wanasimamia ratiba, wanahakiki majina, wanatoa mwongozo, ila fomu humpelekei TCU. Kwa hiyo “vyuo kumi” maana yake ni akaunti kumi za kukumbuka, na mwezi Agosti mtoto anarudi kwangu hakumbuki hata moja.

“Kwenye YouTube wamesema ishirini”

Wamesema kweli, kwa Wamarekani. Kule udaktari unasomwa baada ya kumaliza shahada ya kwanza, shule za MD zinapita 150, fomu kuu ni moja inayosambazwa kwa shule unazochagua, na wastani wa mwombaji mmoja ni zaidi ya shule 15. Ishirini katika mia na hamsini ni sehemu ndogo. Ishirini kwetu ni kumaliza orodha na kuanza kuomba hospitali. Uingereza nao, kwa taarifa yako, wamewafunga watu mikono: katika nafasi tano za maombi ya chuo kikuu, udaktari hauruhusiwi kuzidi nne.

“Kuweka kozi ya pili ni kujitabiria mabaya”

Vijana wa kiume ndio wanaongoza kwa hili. Ndani ya chuo kimoja unaruhusiwa kupanga kozi zaidi ya moja kwa kufuatana, na mtu anajaza MD, anaacha mistari mingine mitupu kama ishara ya imani. Mfumo hausomi imani. Ukikosa MD na hujaweka kitu chini yake, chuo kile kimemalizana nawe raundi hiyo, hata kama ungepata famasia, uuguzi au maabara kwa alama zako zilezile.

Hapa ndipo idadi inapopatikana bila kuongeza shilingi. Vyuo vinne vyenye kozi tatu tatu ni nafasi kumi na mbili za kusikilizwa. Tena mtu asikudanganye kwamba famasia ni zawadi ya walioshindwa. Nenda kaulize nani anakagua dozi ya mtoto wako wodini.

“Cha binafsi wanachukua yeyote mwenye pesa”

Sifa za chini zinasimamiwa na TCU kwa vyuo vyote, vya umma na binafsi. Ukimaliza miaka mitano na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, baraza la madaktari linalokusajili ni lilelile. Tofauti kubwa iko kwenye ada: chuo binafsi kinaweza kuwa mara mbili, mara tatu ya chuo cha umma na zaidi. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaombwa kivyake, si sehemu ya maombi ya chuo, na bodi ina kiwango chake cha ada. Panapozidi, tofauti inabaki kwa mzazi. Chuo usichoweza kulipia mwaka wa pili usikihesabu kwenye idadi yako.

“Kuchaguliwa vyuo vitatu ni kushinda mara tatu”

Ni kushinda mara moja, na kupewa kazi ya kufanya ndani ya siku chache. TCU wakitangaza majina, waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja wanatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ya siri. Hiyo namba inatumwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe, kwa simu na anwani uliyojaza siku ya kuomba.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja alikuja kijana kutoka Ukerewe, mpole, alama nzuri, jina lake liko vyuo viwili. Namba ya siri haikumfikia. Tukafungua akaunti yake, tukaangalia sehemu ya simu: namba si yake. Aliombewa kwenye duka jingine, huko sikutaji, na mhudumu aliona haraka kuweka namba ya duka. Barua pepe nayo aliitengeneza yule mhudumu, neno la siri analo yeye. Duka limefungwa, mwenyewe kaenda msibani Bariadi.

Namba inaweza kuombwa upya kupitia akaunti yako kwenye mfumo wa chuo, lakini ikiwa namba ya simu iliyomo ni ileile, inaenda kulekule. Tulipiga simu ofisi ya udahili tangu saa tatu asubuhi. Mara haipokelewi, mara inatumika. Ilipopokelewa wakataka atume vielelezo kuthibitisha kuwa yeye ndiye yeye. Kijana alikaa kwenye lile benchi siku mbili, chakula anakula kwangu, boti ya Nansio ikiondoka bila yeye. Siku ya mwisho, jioni, ujumbe ukaingia. Aliusoma mara tatu kabla ya kunipa simu.

Tangu hapo nina utaratibu ambao wateja wanauona ni usumbufu. Sijazi chochote mpaka mwombaji mwenyewe ashike simu yake, nimtumie ujumbe, anisomee. Barua pepe anaitengeneza yeye, neno la siri anaandika yeye kwenye daftari lake, mimi nageuza uso.

Yule mzee wa Mwaloni, tulikubaliana vyuo vinne. MD juu katika viwili tu, uuguzi na maabara zikifuata. Vingine viwili tukaanza na uuguzi moja kwa moja, binti mwenyewe ndiye aliyesema. Tulipofika kwenye sehemu ya simu, baba akaanza kutaja namba yake kwa haraka, kama anavyowatajia wateja wa dagaa.

“Baba,” binti akamkatiza taratibu, “hiyo laini si imesajiliwa kwa jina la marehemu baba mkubwa?”

Mzee akaniangalia, akamwangalia binti, akachukua noti moja kati ya zile alizoweka mezani. “Haya, nenda kasajili yako. Kile kibanda cha pale stendi bado hakijafungwa. Mwalimu, usifunge ukurasa.”