Je, wajua? Admirali aliyeivumilia Japani alishindwa na wanafunzi ndani ya nusu mwaka

Septemba 1861, vinyozi wa Kifaransa waliokuwa na maduka kwenye barabara ya Nevsky, jijini Saint Petersburg, walitoka mlangoni kuangalia kelele zinatoka wapi. Mamia ya wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanapita kwa miguu katikati ya jiji, jambo geni kabisa katika Urusi ya wafalme. Mmoja wa wanafunzi hao alisimulia miaka mingi baadaye kwamba vinyozi wale nyuso ziliwachangamka, wakasugua viganja na kuitana: "Mapinduzi! Mapinduzi!"

Hayakuwa mapinduzi. Vijana walikuwa wamekuta chuo kimefungwa, wakaamua kumfuata msimamizi wao nyumbani kwake wamuulize kulikoni.

Waziri wa elimu siku hiyo alikuwa admirali: Yevfimy Putyatin, miaka 57, mwanamaji tangu ujana wake. Wizara alikuwa ameishika kwa miezi mitatu tu, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshamtoka mkononi. Ajabu yake ni kwamba huyu ndiye aliyekaa na Wajapani mezani kwa mwaka na zaidi, wakimzungusha na kumrudisha pale pale, naye hakukasirika. Sasa ilikuwaje mtu mwenye subira ya namna ile akashindwa na vijana wa miaka ishirini?

Tuanze na subira yenyewe, maana si ya kusimuliwa kijuujuu.

Putyatin alizaliwa 1803. Alipomaliza shule ya makada wa majini alipanda manowari ya nahodha Mikhail Lazarev na kuizunguka dunia, safari ya miaka mitatu. Mwaka 1827 alipigana Navarino, pale Waingereza, Wafaransa na Warusi walipoizamisha meli ya vita baada ya nyingine ya Waturuki na Wamisri. Baadaye alitumwa Uajemi, akanunua meli Uingereza, akaoa Mwingereza, Mary Knowles. Mcha Mungu sana, mtu wa ratiba, mtu wa sala.

Mwaka 1852 alipewa kazi ya kwenda kuibishia hodi Japani, nchi iliyokuwa imejifungia kwa zaidi ya miaka mia mbili. Alisafiri kwa frigeti (manowari ya matanga) Pallada, chombo kikuukuu, na karani wake alikuwa mwandishi wa riwaya Ivan Goncharov. Walipitia Rasi ya Tumaini Jema, Singapore na Hong Kong, na Agosti 1853 wakatia nanga Nagasaki. Mmarekani Matthew Perry alikuwa amewatangulia kwa mwezi na ushee, ila yeye aliingia moja kwa moja na meli zake za moshi hadi ghuba ya Edo, Tokyo ya leo, karibu na mji wa mtawala, mizinga ikionekana. Putyatin alikwenda Nagasaki kwa sababu sheria ya Japani ilisema wageni huenda Nagasaki.

Kisha akangoja. Barua ipelekwe Edo, jibu lirudi, wajumbe wateuliwe, wajumbe wasafiri. Kabla ya kuonana na gavana wa Nagasaki palizuka hoja ya namna ya kuketi. Wajapani hukaa juu ya mikeka, Warusi na buti na panga zao hawawezi kukunja magoti. Ilijadiliwa kwa siku kadhaa. Mwisho Warusi walibeba viti vyao wenyewe kutoka melini, na juu ya viatu wakavaa vifuko vya kitambaa ili wasichafue mikeka ya watu. Jaribu kumwona ofisa wa mfalme wa Urusi, kifua kimejaa medali, anaburuza miguu iliyofungwa kaliko. Putyatin alikubali. Hakuwa na namna, lakini pia hakuona aibu.

Mjumbe mkuu upande wa pili alikuwa Kawaji Toshiakira, mtu mwerevu na mcheshi, aliyewachekesha Warusi kwa kuwaambia kwamba mkewe ni miongoni mwa warembo wa Edo na kwamba anamkumbuka mno, basi wasimcheleweshe. Hata hivyo hakuwapa kitu. Putyatin akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Katikati ya hayo Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani dhidi ya Urusi, vita ya Krimea, ikawa manowari za adui zinamsaka bahari nzima. Pallada ikaonekana haifai tena, akahamia frigeti mpya, Diana, na mwishoni mwa 1854 akaingia bandari ndogo ya Shimoda.

Kikao rasmi cha kwanza kilifanyika tarehe 22 Desemba. Kesho yake asubuhi ardhi ikatetemeka.

Mtu wa pwani ataelewa hofu ya kilichofuata. Maji yalijaa bandarini yakapanda hadi mjini, kisha yakarudi kwa nguvu na kuzoa nyumba, mashua na watu, kisha yakaja tena, makubwa zaidi. Diana ikawa inazungushwa na mkondo kama kifuu cha nazi, ikiburuta nanga zake. Taarifa zilizoandikwa baadaye zinasema ilizunguka mara 42 ndani ya nusu saa. Maji yalipokupwa ghafla meli ililala ubavu. Mzinga mmoja ulikatika kamba, ukaporomoka na kumuua baharia. Usukani ulipotea na sehemu ya mkuku ikang'oka. Mji wa Shimoda ulifutika karibu wote, zikabaki nyumba za kuhesabu. Na mabaharia, meli yao ikiwa katika hali ile, waliwaopoa Wajapani waliokuwa wanaelea kwenye mabaki.

Chombo kilikuwa kinavuja. Wakatafuta ghuba yenye utulivu ya kukikarabatia, ikachaguliwa Heda, kijiji cha wavuvi. Njiani upepo uliwapeleka upande wa pili hadi pwani inayoelekea mlima Fuji. Wanavijiji walitoka na kamba na kuwasaidia kushuka wazima. Mashua zipatazo 100 zilijaribu kuikokota Diana ikiwa tupu, kumbe upepo ulikuwa njiani. Wavuvi wakakata kamba na kukimbilia nchi kavu, na frigeti ikazama. Watu 500 hivi wakawa hawana meli, ugenini, wakati wa vita.

Hapa ndipo ninapompendea Putyatin. Hakuwa na manowari ya kutishia, na mazungumzo yaliendelea. Tarehe 7 Februari 1855, kwenye hekalu la Chorakuji pale Shimoda, mkataba ukatiwa sahihi. Bandari za Nagasaki, Shimoda na Hakodate zikafunguliwa kwa Warusi, na mpaka ukapita kati ya visiwa vya Iturup na Urup, huku kisiwa cha Sakhalin kikiachwa bila kugawanywa. (Ugomvi wa visiwa hivyo bado uko hai, Japani huadhimisha tarehe hiyo hiyo ya 7 Februari kila mwaka kudai vyake.) Kawaji aliandika kwenye shajara yake kwamba mtu huyu ni shujaa wa kweli.

Na kule Heda? Maofisa wa Diana walichora ramani ya skuna, meli ndogo ya matanga, mmoja wao akiwa Alexander Mozhaysky, ambaye miaka ya baadaye aliunda ndege kabla dunia haijajua kuruka. Maseremala wa Kijapani, waliozoea vyombo vya aina yao, wakajifunza kulaza mkuku, kusimamisha mataruma na kupiga mbao juu yake, huku kila kipande kikipimwa na kuandikwa. Lugha hawakuelewana; walielekezana kwa mikono na michoro. Miezi kama mitatu baadaye wakashua skuna ya mita 24 hivi na kuipa jina la kijiji chao. Putyatin akaondoka nayo akiwa na watu chini ya hamsini, akapenya katikati ya doria za Waingereza hadi Urusi. Kundi jingine la wenzake, lililopanda meli ya Kijerumani, lilikamatwa baharini. Mwaka uliofuata skuna ilirudishwa Japani pamoja na mizinga 52 ya Diana, iwe zawadi. Maseremala wa Heda walikuwa wameshaunda nyingine kadhaa kwa mfano huo.

Kwa kazi hiyo Putyatin alipewa ukabaila wa cheo cha "count". Mwaka 1858 alisaini mkataba na China kule Tianjin, na mwingine na Japani kule Edo. Akapelekwa London kama mwambata wa jeshi la majini. Mwaka 1860 alichapisha mapendekezo ya kurekebisha shule za wanamaji, na nadhani hilo ndilo lililomponza: Mfalme Alexander wa Pili alipotafuta waziri wa elimu mwenye mkono thabiti, jina lake likaonekana linafaa.

Kulikuwa na haja gani ya mkono thabiti? Mwanzoni mwa 1861 mfalme alikuwa ametangaza kuwaachia huru wakulima waliomilikiwa na mabwana ardhi, mamilioni ya watu. Nchi ilikuwa inachemka. Vyuoni, wanafunzi walikuwa na mikutano yao, mfuko wa kusaidiana, maktaba yao, na hata wanawake walikuwa wameanza kuhudhuria mihadhara. Serikali iliona hatari. Mwezi Mei, kabla Putyatin hajateuliwa, kanuni mpya zilikwishapitishwa: mikutano marufuku, na msamaha wa ada ubaki kwa wanafunzi wawili tu kutoka kila jimbo. Ada ilikuwa rubo 50 kwa mwaka. Katika chuo cha Petersburg zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa wanasoma bila kulipa. Piga hesabu mwenyewe ni wangapi wangerudi kijijini.

Kwa hiyo tusimwonee. Kanuni hazikuwa zake. Kilichokuwa chake ni namna ya kuzitekeleza. Aliingia wizarani kiangazi, wakati chuo kiko likizo, na Julai akatoa waraka wa kuzikazia. Kila mwanafunzi apewe matrikula, kijitabu cha kumtambulisha chenye kanuni zote ndani yake, na akikipokea awe amekubali kuzitii. Msimamizi wa chuo aliyewekwa, Grigory Philipson, alikuwa jenerali aliyewahi kuwa mkuu wa Wakosaki. Admirali juu, jenerali chini yake, na chini kabisa vijana ambao hakuna aliyewaita wakaulizwa lolote. Ni mpangilio wa melini: amri hushuka kutoka sitaha ya juu, na baharia hapewi nafasi ya kuuliza kwa nini.

Wanafunzi waliporudi Septemba walifanya mkutano hapo hapo chuoni. Chuo kikafungwa. Tarehe 25 Septemba kwa kalenda yao ya zamani, wakavuka mto Neva na kuandamana hadi kwa Philipson mtaa wa Kolokolnaya. Jenerali akasema hazungumzii mambo ya chuo nyumbani, twendeni chuoni. Basi msafara ukageuza, na jiji zima likashuhudia msimamizi akitembea kwa miguu kurudi chuoni pamoja na wale wale aliowafungia milango. Wanafunzi wakateua wajumbe wa kuzungumza, wakaahidiwa hawataguswa. Usiku huo huo wakakamatwa.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika kabisa. Kawaji angedanganywa hivyo mara moja tu, mkataba usingekuwapo. Shimoda Putyatin alijua hilo vizuri, kwa kuwa neno lake ndilo mali pekee aliyobaki nayo. Petersburg palikuwa na kikosi cha askari karibu na polisi wa siri wenye haraka kuliko yeye, na mfalme mwenyewe alikuwa mbali, Krimea. Nani angehangaika na mjadala wa viti?

Oktoba chuo kilifunguliwa kwa wale tu waliochukua matrikula. Wengi walikataa, baadhi ya waliochukua wakavichana vijitabu mbele ya jengo, askari wakaingia kati kwa vitako vya bunduki, na takribani vijana 300 wakapelekwa gerezani, kwanza ngome ya Petro na Paulo, kisha wengine Kronstadt, bandari ile ile ambako Pallada ilikuwa imeng'oa nanga miaka tisa kabla. Maprofesa kadhaa wa kutegemewa, Konstantin Kavelin akiwa mmoja wao, walijiuzulu. Kutoka London Alexander Herzen, aliyekuwa akichapisha gazeti lake uhamishoni, aliwauliza vijana waliofukuzwa waende wapi, akajibu mwenyewe: "Kwa wananchi! Kwa wananchi!" Miaka kumi na kidogo baadaye maelfu ya vijana waliitika, wakaenda vijijini kuwahubiria wakulima siasa, na wito huo ukawa jina la harakati nzima.

Mwishoni mwa Desemba chuo cha Petersburg kilifungwa tena, na siku chache baadaye waziri akaondolewa. Aliyemrithi, Alexander Golovnin, pia alitoka wizara ya majini, ila yeye alikuwa mtu wa kalamu. Alianza kwa kuwauliza maprofesa maoni yao, na mwaka 1863 ikatoka sheria iliyovipa vyuo vikuu uhuru mkubwa wa kujiendesha.

Putyatin aliingizwa kwenye Baraza la Dola, akaendelea kusaidia misheni ya Kiorthodoksi nchini Japani, akafariki Paris mwaka 1883 na kuzikwa Kiev. Binti yake Olga alikwenda Japani kutumikia misheni hiyo, na alipokuwa huko alifunga safari hadi Heda kuwashukuru wanakijiji. Siku hizi pana jumba la makumbusho ya skuna ile pale kijijini, na nanga ya Diana iliyopanda kutu imewekwa nje, imeelekea ghuba.